Mashine Hodari wa Kuitika

Hospitalini walimwita Bwana Upo, na jina hilo alipewa na kazi yake. Alikuwa na chumba chenye baridi ya kugandisha mate mdomoni, na humo mashine tatu, ndugu watatu, kila mmoja akishika mafaili yale yale ya wagonjwa, ili mmoja akifa wenzake wasiseme hawajui. Mbele yao ilisimama programu ya kugawa kazi, ambayo yeye aliiita Mnyapara. Kila baada ya sekunde tano Mnyapara aliuliza, "Upo?" Aliyeitika alipewa kazi, aliyenyamaza aliwekwa kando, na aliyeitika upesi kuliko wenzake alipewa nyingi zaidi.

Zamani Mnyapara hakuridhika na kuitikiwa tu. Alimpa kila mmoja neno aliandike, kisha alisome kwa sauti. Madaktari wakalalamika kwamba faili lafunguka polepole hata mgonjwa anapona kabla ya ukurasa wa pili. Mkuu wa idara akaja akasimama mlangoni, kuingia hakuthubutu.

"Bwana Upo, mitihani yote hiyo ya nini? Mashine si mwanafunzi."

"Mkuu, anayeitika si lazima awe mzima."

"Mimi nataka kasi. Punguza maswali."

Akapunguza, kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi moja kabla ya chai.

Haukupita mwezi, mashine ya tatu ikaugua diski, daftari lake la kuandikia. Ikawa haiandiki kitu. Kila ilicholetewa ilikishika kichwani, ikajibu "nimepokea", na ndugu zake haikuwaambia neno. Kwa kuwa haikuwa na jasho la kuandika, ikapata wepesi wa ajabu: Mnyapara hajafumba mdomo, yenyewe imeshaitika. Mvivu hakosi nafasi ya adabu! Mnyapara akaipenda, akailundikia karibu hospitali nzima, siku kumi na moja, na mbele ya Bwana Upo taa tatu za kijani zikawaka kama macho ya paka aliyeshiba.

Katika siku hizo mama mzazi wa Bwana Upo alikatwa kipande cha nyama shingoni. Alikuwa na uvimbe kama yai, akijigamba kwamba ukikua kidogo ataanza kutaga. Daktari alitaka kujua ni wa aina gani. Ukiwa mbaya, dawa ianze mwezi huo huo, la sivyo hakuna mwezi mwingine. Ukiwa mwema, dawa hiyo isimguse, maana kwa ukali wake ingemmaliza bure.

Siku ya kumi na mbili Bwana Upo akaizima mashine ya tatu na kuiwasha, kama alivyozoea kila mwezi. Vyote vilivyokuwa kichwani mwake vikayeyuka. Namba za wagonjwa zikaanza tena pale ndugu wawili walipoishia, watu wapya wakapewa namba za watu wa juzi. Waliokosa mafaili yao waliambiwa wamekosea namba, warudi kesho.

Wiki moja baadaye mama akaja kuchukua majibu. Faili hakuna; namba yake ina mtu mwingine, ambaye majibu yake hayajaingizwa bado. Mhudumu hajamaliza kusema, Bwana Upo ameshafika maabara anahema.

Mpimaji akamtolea trei ya vioo, kila kioo na kipande chake cha nyama. Juu yake namba tu. Majina yalikaa kwenye mashine. Vioo vya namba ya mama, mia sita kumi na tatu, vilikuwa viwili.

"Kimoja kibaya," alisema mpimaji. "Kingine kisafi kabisa."

"Kipi kilitangulia?"

"Vimepangwa kwa namba, kaka, si kwa siku."

"Si wewe uliyevisoma?"

"Nasoma mia mbili kwa siku. Shingo zote ni shingo."

"Basi akatwe tena."

Mpimaji akampigia simu daktari wa upasuaji aliyemkata mama, akarudi. "Hapana. Uvimbe umeshaukumbatia mshipa. Mara ya kwanza ilikuwa bahati, anasema hagusi."

Mama alikuwa kwenye benchi, amevua viatu.

"Mwanangu, mbona una uso wa fisi aliyefumaniwa?"

Akamwambia yote, hata la nani aliyepunguza maswali. Mama akasugua shingo.

"Viwili, ee?"

"Viwili, mama."

"Basi mimi nachukua kile kisafi."

"Mama, hivi si vitu vya kuchagua."

"Kasema nani? Nimekuja kuchukua majibu, nimeyachukua. Hebu nisogezee viatu."

"Na mwenzio mwenye namba yako?"

Mama akakung'uta kiatu. "Naye mpe hicho hicho kisafi. Angalau atalala."

Akavaa viatu, akakataa kushikwa mkono, akashuka ngazi akipapasa ukuta. Pumzi yake ilikuwa imeanza kupiga mluzi, na mwanawe aliisikia mpaka ngazi ya mwisho.