Bibi Alipopigwa Picha ya Rangi

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Perth alitualika nyama choma nyuma ya nyumba yake. Mnaoisoma blogu hii mmezoea kunisikia nikinung'unika: mara ndege wao wa rangi mbili wanaowavamia waendesha baiskeli wakati wa kuatamia, mara intaneti inayokatika nikiwa katikati ya kuwasemesha ndugu zangu, mara simu mpya kila mwaka kana kwamba ya jana imeoza. Leo sina nguvu ya kunung'unika. Giza lilipoanza kuingia, jirani alimpiga binti yangu picha, akiwa ameshika soseji yake na kucheka. Mwanga ukamulika, nikachungulia kwenye kioo cha simu. Kwa kitambo kidogo sana binti yangu alikuwa na macho mekundu, mekundu ya kutisha, kisha simu ikayasafisha yenyewe yakawa meusi. Jirani akajisifu kwamba simu za siku hizi zina akili. Mimi niliweka sahani chini, nikajikunyata. Akaniuliza kama nasikia baridi. Nikamjibu ndiyo, na huku Januari ni joto la kuweza kukausha michembe ya viazi kwa siku moja.

Sikuwa na baridi, rafiki yangu. Niliogopa, na woga wenyewe ni wa zamani.

Nililelewa Ngulyati, jirani na mji wa Bariadi, katika nyumba ya bibi mzaa baba. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hivyo msimu mzima nyumbani tulikuwa wanawake: bibi, mama na mimi. Kwetu kuni ni za shida. Tulipikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake unauma koo na macho hadi kamasi zinatiririka. Kazi yangu ilikuwa kuokota samadi iliyokauka, kuanika viazi vilivyokatwa, na kufukuza kuku wasivile. Nikifumba macho naisikia mpaka leo harufu ya maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa, na mlio wa mwiko wa bibi akisonga ugali wa mtama.

Bibi hakukaa moshini kama wengine. Alipika karibu na mlango, upande upepo unakotoka, na kila mara alinawa uso kwa maji ya mtungi. Macho yake yalikuwa meupe, safi. Na alikuwa na neno lake. Mtu akija, akiitikia salamu huku anaangalia pembeni, bibi alimwambia, "Nitazame usoni ndipo tusalimiane." Watoto tulidhani ni maringo ya uzee. Kumbe ilikuwa hofu, na aliishi nayo kila siku kama mtu anayeishi na jipu. Kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee yalikuwa na maana moja tu, uchawi, na maana hiyo iliua watu. Kijiji cha pili bibi wa watu alikatwa mapanga akitoka kuchota maji. Watu wazima walilitaja jambo lile kwa sauti ya chini, kisha wakatutuma tukafukuze kuku ambao hawakuwapo.

Ndipo zikaja enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wewe uliyezaliwa juzi huwezi kujua utamu wake. Sabuni tuliyoitafuta kwa foleni ikawa imepangwa chini mnadani, kwenye gulio letu, na viberiti, na redio kaseti, na marundo ya mitumba yenye harufu ya dawa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao, kila mmoja akipiga kelele kumshinda mwenzake. Na nyuma ya wanunuzi akaja mpigapicha, kijana wa mjini Bariadi, na kamera ya flashi begani. Awali picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, za studio, mbele ya pazia. Huyu alipiga picha za rangi, anakukuta hapo hapo ulipo. Filamu aliisafishia Mwanza, na akirudi alizibandika picha zote kwenye ubao nyuma ya baiskeli yake, akausimamisha katikati ya mnada watu watafute sura zao. Ndivyo alivyopata wateja. Mwenye picha mara nyingi alikuwa wa mwisho kuiona.

Alifika kwetu mchana mmoja wa mvua, akikimbilia kujikinga. Bibi alikuwa na koti jipya la mtumba, la buluu, lenye vifungo vikubwa, na hakuna aliyekuwa amemsifia vya kutosha. Mama akamtania kwamba koti lile linataka picha. Bibi akakataa, akakataa tena, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda ndani, kulikokuwa na giza, akafunga vifungo vyote na kuitazama kamera usoni kama alivyowatazama watu. Mwanga ukapasuka chumba kizima. Bibi alicheka hadi akashika mbavu, na sikuwahi kumsikia akicheka vile tena.

Baada ya majuma kadhaa mama alikwenda mnadani kununua chumvi. Alirudi bila chumvi, mkono mmoja umebana kitu chini ya kanga. Bibi alinyoosha mkono akakichukua, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nilichungulia chini ya kiwiko chake. Koti la buluu, vifungo, mikunjo ya uso, vyote vilikuwa vya bibi yangu. Macho hayakuwa yake. Yaliwaka mekundu kama makaa yanayopulizwa.

"Koti limetoka vizuri," bibi alisema.

Kisha akaifunika picha kwa kiganja.

"Nani ameiona?"

"Mnada mzima, mayu," mama alijibu; mayu kwetu ni mama. "Walikuwa wamejazana kwenye ubao. Nilipofika wakanipisha."

Kuanzia hapo nyumba yetu ilibadilika. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kila asubuhi kuomba moto kwa kigae, akakoma. Viberiti vilikuwa vimejaa madukani, hakuhitaji tena makaa yetu. Watoto niliocheza nao waliitwa kwao kila nilipotokea. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameyaona macho ya bibi kwa macho yao wenyewe, lakini sasa walisema kamera ni chombo cha kitaalamu, haidanganyi, imeona kilichofichwa ndani. Na mtoto wa jirani, mvulana mdogo wa kutambaa, akashikwa na homa isiyoshuka. Mganga waliyemwendea aliwaambia anayemla mtoto yuko karibu, ila hakutaja jina. Jina walikuwa nalo tayari.

Nilijifunza kuogopa mchana. Niliogopa vichaka vya njia ya kisimani, niliogopa mtama uliorefuka, niliogopa kengele za baiskeli. Siku moja walikuja wanaume wawili tusiowajua, kwenye baiskeli moja, wakaomba maji ya kunywa. Bibi aliwaletea kwenye kata. Walikunywa taratibu mno, na walipokuwa wakinywa walimtazama usoni. Bibi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinamisha macho. Walishukuru wakaondoka, na mama akakaa chini pale pale uani.

Mnada uliofuata mama alimkabili mpigapicha. Kijana wa watu aliapa kwamba ni mwanga tu, ukipiga mahali penye giza hutokea hivyo, hata kwa malaika. "Nipeleke nikampige picha huyu binti wako pale pale," alisema, "utaona." Mama akaona wokovu umefika. Nikakalishwa kwenye kigoda kile kile, chumba kile kile, nikaambiwa nisipepese. Picha iliporudi, safari hii mkononi bila kupita ubaoni, macho yangu yalikuwa mekundu kama ya bibi. Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Alinishika mkono tukaenda kwa jirani mbio mbio.

Jirani alikuwa amekaa uani akichambua pamba, safi huku, chafu kule, mwanawe mgonjwa amelala kwenye kanga kando yake. Mama alisalimia, "Ng'wangaluka," na jirani akaitikia bila kuinua kichwa. Mama akamwekea picha mbele ya rundo.

"Angalia mwenyewe, dada. Hata mtoto. Ni mwanga wa kamera tu."

Jirani aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akamvuta mwanawe polepole mpaka mapajani. Hakukasirika. Nilichokiona usoni mwake kilikuwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha kuliko zile baiskeli.

"Kumbe ameshamrithisha na huyu," alisema. "Pole, mwenzangu. Na wewe umelala nao nyumba moja."

Mama alimweleza bibi neno kwa neno. Bibi alizichukua picha zote mbili akaziweka jikoni chini ya chungu, zikajikunja na kutoa moshi wenye harufu ya plastiki. Ndipo akauliza lori la mnunuzi wa pamba linakuja lini.

Lilikuja kesho yake, na kijiji kizima kilikuwa pale kwenye mizani na magunia yao. Bibi alifika na kifurushi kichwani. Alikuwa na binti yake, shangazi yangu, kwenye kijiji cha Binza kule Maswa, na dereva alikubali kumpeleka. Nilipiga magoti mbele yake kumuaga kama nilivyofundishwa. Hakuninyanyua. Aligeukia watu, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mnaniona naondoka. Huyu mtoto nimekaa naye tangu ananyonya, kichwa chake jiwe. Hakuna nilichomfundisha. Hata ugali hajui kusonga. Simtaki, na niendako asinifuate."

Akapandishwa juu ya magunia, akajifunika kanga usoni, lori likaondoka. Nilibaki nimepiga magoti kwenye vumbi na moshi wa dizeli, nikiwa darasa la pili, na niliamini kila neno.

Mtoto wa jirani alipona, baada ya kupelekwa hospitali mjini na kutundikiwa dripu. Kijijini walisema amepona kwa kuwa bibi ameondoka. Mimi waliniacha salama. Watoto wakaanza kurudi kucheza nami kidogo kidogo, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesikia kwamba sikufundishwa kitu. Bibi alifia Binza kabla sijaruhusiwa kumtembelea.

Leo nyumba ile haipo, wala jiko, wala njia ya kisimani. Ndugu wanaoishi huko wanapikia gesi, na hakuna anayekwenda kuomba moto kwa mwenzake. Yule mvulana wa homa ni mwanamume mwenye ndevu, na kila nikiweka picha mtandaoni yeye ni wa kwanza kunitumia kopa nyekundu, ile alama ya moyo. Nina maelfu ya picha, za chakula, za mawingu, za ndege wale wakorofi. Ya bibi sina hata moja. Nikitafuta sura yake kichwani naipata yote, isipokuwa macho. Yanakuja yale ya kwenye picha, na ninayaogopa, na ninaona uchungu kuyaogopa.

Jumamosi ile, tuliporudi kutoka kwa jirani, nilimpigia mama simu. Kwa mara ya kwanza maishani nilimuuliza kwa nini bibi hakunipenda. Mama akaniambia kwamba asubuhi ile, kabla lori halijafika, alimkuta bibi jikoni peke yake akiyasema maneno yale kwa sauti, anaishia njiani, anaanza upya. Aliyarudia mpaka jua likapanda, kwa sababu kila alipofika kwenye "simtaki" sauti ilimkatika.