Honi Iliyosikika

Honi ile niliipokea kwa mikono miwili, mjinga mimi. Wageni wa semina walitufundisha hapa Nchelenge, kando ya ziwa, jinsi tahadhari inavyosafiri: watu wa hali ya hewa wanaona upepo mbaya unakuja, wanatuma meseji kwenye simu yangu, mimi nakimbia ufukweni napuliza mara tatu, wavuvi wanarudi. Basi, kwisha. Mama mmoja akauliza, "Lakini hiyo si honi ya doria?" Tukacheka wote, mimi zaidi. Mwalimu akamkatiza: la muhimu isikike. Kisha tukagawiwa fulana.

Yule mama alisema kweli. Miezi ile ziwa linapofungwa ili samaki wazaliane, boti ya doria hupuliza honi kama hiyo hiyo, na anayekamatwa hunyang'anywa nyavu na mtumbwi. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya mvua na pepo kali. Mdogo wangu alikuwa akiingia ziwani kwa kujificha, yeye na rafiki yake Mkongomani. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Akanijibu, "Yaya," ndivyo alivyoniita mimi mkubwa wake, "na watoto wangu wafunge kula?"

Siku moja ya miezi hiyo meseji iliingia mchana, nikiwa naanika chisense, dagaa wetu. Mtumbwi wao niliuona, haukuwa mbali. Nikapuliza mara tatu. Ukageuka, ukaelekea katikati ya ziwa. Mawe, mama yangu! Nikadhani hawajasikia. Nikapuliza tena, nikapuliza mpaka kifua kikaniuma, na kadiri nilivyopuliza ndivyo walivyozidi kwenda. Halafu upepo ukafika.

Mkongomani aliokolewa akiwa ameng'ang'ania dumu tupu. Aliketi mbele yangu akilia. "Tuliisikia, yaya. Yeye akasema, piga kafi, ni bale batu ba doria." Mdogo wangu tulimpata siku ya tatu, kwenye matete.

Baada ya mazishi wale wa semina walirudi na fomu, wamevaa fulana safi. Mmoja akaniuliza kwa upole, na upole wake ulinitia hasira kuliko matusi: je, tahadhari iliwafikia waliokuwa majini? Nilitamani kumrushia honi yake usoni. Nikachukua kalamu, nikaandika: Ilisikika.