Msingi wa Kibanda Changu

Ule ulikuwa mwaka wa kula bukari, ugali wetu, ya muhogo mtupu. Unga wa mahindi ulikuwa umepotea katika soko la Kikula, na wajukuu wangu walilalamika kwamba bukari inanata kwenye meno. Mvua ikaangusha kibanda changu cha bustani, pale kwenye kona ya lupango, kiwanja cha nyumba yangu, nilipoweka majembe na mbegu. Sikulia. Matofali yake tuliyaokota mimi na marehemu mume wangu kwenye nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi iliyobomolewa, na tofali la namna ile halifi. Nikakaa chini, nikaanza kuyakwangua kwa panga butu. Mabati nayo niliyanyoosha kwa nyundo.

Ndipo akaja mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza. Kwetu mkwe hamkabili mama wa mke wake. Ujumbe unapita kwa mke, na mkwe hali chakula mbele ya mama huyo. Huyu miaka yote alinisalimu akitazama ukuta. Siku ile alivuta kiti, akaketi magoti yake yakielekea yangu, akala bukari yangu, akaomba na nyingine. Nikajiambia: mtu huyu kama ameacha haya zake nyumbani, sababu ipo.

Akasema atanijengea kibanda kipya, bure, kwa bloku za simenti. Matofali yangu yatupwe, ni ya aibu. Nikauliza msingi utashuka kiasi gani. Akainua mkono juu ya kichwa chake.

"Depo ya kuweka majembe matatu?" nikamuuliza. "Weye unajenga depo ama unajenga kaburi?"

Akacheka, akasema udongo wa hapa ni laini.

Kesho yake alileta mafundi wawili. Nilijifanya nachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuna hata mmoja aliyegusa tofali. Mmoja aliokota jiwe pale kibanda kilipokuwa, akalitemea mate, akaligeuza juani kutafuta kijani cha shaba. Mwashi gani hutemea jiwe mate? Hivyo hufanya wachimbaji wa madini wa Kamatanda. Tena ninamjua dada mmoja wa kanisani kwetu aliyewakubalia wachimbe kidogo tu nyuma ya jiko. Sasa ukuta wa chumba chake umepasuka, analala barazani.

Nikasimama, nikamwambia mkwe wangu mbele yao: "Mu lupango yangu jembe inaingia kwa kupanda mboga, basi."

Wakaondoka. Jioni akaja binti yangu, macho mekundu. Alisema mume wake ameshakubaliana na wachimbaji, sasa ataficha wapi uso. Na nyumba yenyewe hawataigusa. Nikamuuliza, shimo likifika chini ya kitanda changu, nani atalizuia? Kisha akasema polepole: "Mama, miye njo naikala na ule bwana mu nyumba. Unipe jibu ya kumupelekea."

Nikaweka tofali juu ya msingi wetu wa zamani, nikampa jibu lile lile:

"Mu lupango yangu jembe inaingia kwa kupanda mboga, basi."