Tenki la mtumba la kuzimia moto kule Ukata, na siku lilipokutwa halina maji

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimeona jamaa ameuliza kama tenki la plastiki la mtumba linafaa kuzimia moto kijijini. Wadau wamemjibu vizuri mambo ya unene wa plastiki na saizi ya koki. Mimi nina jibu langu, ila linaniaibisha, ndiyo maana nimelizungusha kichwani siku tatu kabla ya kuandika. Nitalisema lote lilivyokuwa.

Kwetu ni Ukata, Mbinga. Kwa asiyeijua Umatengo, aelewe tu kwamba tambarare hakuna. Ukoo mmoja unakaa kwenye mgongo mmoja wa mlima, tunauita ntambo, kijito huku na kijito kule. Nyumba na kahawa ziko juu, maji yako chini kabisa.

Sasa fikiria moto wa kiangazi. Mtu anasafisha shamba lake la ulezi bondeni, upepo unageuka, moto unapanda mlima. Wewe uko juu na ndoo moja.

Hiyo ilikuwa miaka ile soko huria limeshaingia, wanunuzi binafsi wa kahawa wanakuja na kuondoka. Mmoja alijenga mtambo wa kuoshea kahawa kando ya barabara, misimu miwili akafunga, akauza vyombo vyake. Sisi tukaangukia tenki lake jeusi, lita elfu mbili, lina ufa chini.

Kulipandisha ilikuwa ngokela, yaani kazi ya pamoja, halafu mwisho wake watu wanakunywa. Wanaume kumi, miti miwili mabegani. Mama mmoja njiani alishusha mzigo wake akasimama kimya kutupisha, akidhani tumebeba jeneza. Tulicheka mpaka tukalazimika kulitua.

Ule ufa aliuziba fundi Tito, fundi baiskeli wetu. Alichoma kisu kwenye makaa, akayeyusha vipande vya dumu bovu, akapaka taratibu kama mtu anayesiriba nyumba. Tukajaza maji, likakaa wiki nzima halijavuja tone. Tito alitembea kifua mbele mwezi mzima, na alistahili.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Kwetu kila nyumba ina bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya kahawa. Moto ukitokea, unalisuuza bomba lako, unakimbia kwenye tenki, unajaza, unavaa, unashuka kuupulizia moto pembeni pembeni mpaka unakosa pa kwenda. Aisee, ilifanya kazi. Moto wa kwanza tuliuzima hata haujagusa mche mmoja.

Maji waliyapandisha akina mama kwa ndoo, kwa zamu. Aliyebeba kuliko wote ni shangazi yangu Osmunda, dada wa baba, mjane. Kahawa yake ilikuwa hapo hapo chini ya tenki, aliipanda na marehemu mume wake, na ndiyo iliyokuwa inamlisha.

Koki tuliifunga kwa kufuli. Ufunguo nikapewa mimi, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa jirani na tenki na watu waliniamini.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kiangazi kile mke wangu alijifungua katikati ya mavuno. Kahawa ikishamenywa na kulowekwa haisubiri mtu, lazima ioshwe, tena kwa maji mengi. Ukichelewa inanuka, na wale wanunuzi binafsi walikuwa wanainusa kwanza ndipo wanaongea. Mke wangu hawezi kushuka kijitoni. Na mimi, wakuu, nitasema ukweli, niliona haya kubeba ndoo kichwani. Kwetu zamani zile mwanaume na ndoo kichwani ungeimbwa kwenye kila kilabu cha pombe.

Basi Jumapili, watu wakiwa misani, nikafungua kufuli. Nilichota kidogo tu. Nikajiambia nitarudisha.

Jumapili iliyofuata nikachota tena, mara hii ndoo nyingi zaidi. Na ya tatu nikachota bila hata kuhesabu. Tenki ni jeusi, ukilitazama kwa nje huoni maji yameishia wapi, na hakuna mtu aliyepanda kuchungulia. Wote walijua ufunguo uko mahali salama.

Moto ulikuja mchana, siku ya kazi. Ulitoka bondeni kama kawaida, ukaelekea moja kwa moja kwa shangazi. Watu wakafika na mabomba mgongoni, mimi nikafungua koki. Mabomba manne yakajaa. La tano likafika nusu, halafu maji yakaanza kutoka kama uzi.

Nilibaki nimeshika ile koki. Naifungua zaidi na imeshafunguka yote.

Tulipigana na matawi mabichi na udongo. Nyumba ya shangazi ilipona, kahawa yake nyingi ikaungua. Jioni alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, uso umejaa majivu, akitazama miche yake. Akasema taratibu, "Labda limetoboka tena."

Watu wote wakamgeukia fundi Tito.

Na mimi nikanyamaza. Wakuu, kuchota yale maji lilikuwa kosa, lakini ule ukimya ndio unaoniuma mpaka leo.

Kesho yake asubuhi Tito alikuja na kisu chake na makaa kwenye kopo. Alilizunguka tenki akilipapasa, hakuona kitu. Akaondoa mfuniko akaingia ndani mzima mzima. Mimi niko nje nasikia anavyogongagonga, anatafuta tundu ambalo halipo. Alitoka jasho linamtiririka, akaniambia kwa unyonge, "Ndugu yangu, silioni. Lakini lazima lipo, kazi yangu ndiyo imemuunguza mama wa watu."

Nilishindwa. Nilimshika mkono Tito, nikaenda naye mpaka kwa shangazi. Nikamsalimia shikamoo, hakuitikia haraka, nadhani aliniona nilivyo. Nikamwambia yote mbele ya Tito: Jumapili tatu, kahawa yangu, kufuli, na kwamba niliogopa kubeba ndoo. Nililia, sifichi.

Tito alitoka, akamwaga makaa yake nje. Miezi mingi hakunisemesha, na sikumlaumu.

Shangazi alifuta majivu kwenye ngazi kwa upindo wa kanga. Halafu akauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Akasema, "Nenda kachukue ndoo."

Hapo hapo, mchana kweupe, nikashuka kijitoni nikapanda na ndoo kichwani, maji yananilowesha mpaka kiunoni. Watu walicheka, na wakaimba kweli. Kesho nikarudi, na keshokutwa. Nililijaza tenki lile peke yangu, lita elfu mbili zote, na nilipomaliza ndipo nikaelewa shangazi alikuwa ametuchangia nini miaka ile yote.

Miche yake tuliikata ikabaki visiki, kwa sababu kahawa iliyoungua juu mara nyingi mizizi huwa hai. Nilipalilia mimi. Mvua zilipokolea vikaanza kutoa machipukizi, siyo vyote, ila vingi.

Nilipotaka kukabidhi ufunguo kwenye kikao cha ukoo, watu walikuwa tayari kuupokea. Shangazi akakataa. Alisema ubaki kwangu, kwa kuwa yeye anajua sasa nitalala nao shingoni.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: ndiyo, tenki la mtumba linafaa sana. Uliza kwanza lilibeba nini, kama lilibeba mafuta achana nalo. Liweke juu ya mashamba, maji yashuke yenyewe. Na ubavuni toboa uweke mpira mweupe unaoonyesha maji, kuanzia chini mpaka juu, ili kila anayepita aone yamefika wapi. Sisi tuliuweka baada ya moto ule. Aliyeufunga ni Tito, na siku hiyo ndiyo alinisemesha tena, akaniambia nimshikie bisibisi.

Nilichojifunza ni kwamba msimjaribu mtu mmoja kwa kumwachia ufunguo na tenki lisiloonekana ndani. Na ukikosea, sema kabla mwenzako hajaingia kutafuta tundu.

Walioko Lipingo huko ziwani na kwingineko, ninyi moto mnazimaje? Na nani anashika ufunguo? Mwenye la kunisema pia aseme, nimeshazoea kuimbwa.

Shangazi alivuna tena misimu mitatu baadaye. Debe la kwanza lililomenywa alinitwika mwenyewe kichwani, akaniambia, "Hii kanioshee, mwanangu. Kijitoni."