Punda Milia Wanne wa Harusi Yangu

Mambo haya huwa siyasimulii mke wangu akiwa karibu, maana hata leo, na uzee wote huu, akitaka kuninyamazisha mbele ya watu hutaja punda milia tu, nami nafunga mdomo. Aibu ile haijanitoka.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vimekwisha juzijuzi, nami nilikuwa mpagazi wa mzungu mmoja mpima ardhi, tumetoka Njombe tukapiga kambi karibu na njia panda ya Makambako, na bahati ikawa (bahati gani, ngojeni msikie) kwamba ndipo kwao Eliza, mchumba wangu, ndoa imeshatangazwa kanisani na harusi ni Jumamosi ile. Baba yake, Mzee Mlowe, alikuwa hajaridhika nami. Alisema mimi ni mtu wa maneno tu.

Basi Alhamisi jioni bwana akaniambia, "Kesho mimi taka piga punda milia. Mingi." Sasa, tangu Njombe nilikuwa nimebeba kitu kirefu, kizito, kimefungwa turubai, sijawahi kukifungua, nikajua hiyo ndiyo bunduki. Ningenyamaza yasingenikuta. Lakini miguu ikanipeleka hadi ukweni, nikawaambia nyama ya harusi imepatikana, waje na visu.

"Una hakika?" akauliza Mzee Mlowe.

"Baba, bunduki naibeba mimi mwenyewe."

Mama mkwe papo hapo akaagiza kuku aliowaazima kwa jirani warudishwe.

Asubuhi wakaja watu kumi na mmoja na vikapu vyao, nikawalaza kifudifudi nyuma ya kichuguu, nikawaambia wasitoke mpaka niite. Mimi na bwana tukatambaa mbele. Punda milia walikuwa pale chini wanakula majani, wamenona, mistari yao imenyooka, na nakiri kwanza niliwaona wazuri, ndipo nikaanza kugawa mapaja. Upepo ulikuwa unatujia usoni, ukigeuka tu tumekwisha. Bwana akafungua turubai. Ilikuwa miguu mitatu ya mti. Akaisimamisha, akaweka kisanduku juu yake, nami nikajifariji kwamba labda ndizo bunduki zao mpya, nikaziba masikio.

Kimya. Nikazibua sikio moja, nikasikia "ka", kama mtu amevunja kijiti. Nyuma yangu kichuguu kilikuwa kimeanza kunong'ona.

"Bwana, piga basi," nikamwambia polepole.

Akanigeukia anatabasamu. "Mimi kwisha piga. Nne. Mzuri sana."

Ningefanyaje? Nikasimama nikaita, "Wanne!" Wakatoka mbio na visu, shangazi yake Eliza mbele na vigelegele, punda milia wakatimua vumbi hadi wa mwisho, na bwana akaanguka pamoja na miguu yake mitatu. Waliitafuta mizoga majanini mpaka jua likafika utosini. Mzee Mlowe alikuwa ameinama anatafuta damu. Hakuiona, akaja akasimama mbele yangu.

"Wako wapi?"

Nikamwonyesha kisanduku. "Wamo humu, baba."

Alikunja kikapu chake akaondoka, nami nikajua nimemkosa Eliza.

Harusi ilifungwa kwa machozi ya Eliza mbele ya baba yake, si kwa sifa zangu, na wageni walikula ugali kwa maharage huku wakinitazama. Miezi kadhaa baadaye bwana akanipa picha yenyewe aliyoipiga kwa kile kisanduku, nami (sikomi) nikampelekea baba mkwe nikidhani nitamlainisha. Aliitazama muda mrefu, akatukaribisha chakula. Wapagazi wenzangu niliokwenda nao wakaletewa ugali na kuku. Mimi nikaletewa sahani yenye ile picha.

"Kula, mkwe wangu," alisema. "Wako wanne, nimewahesabu."

Tangu siku ile, mtu akiniambia amepiga, namuuliza kwanza amepiga nini, na jibu nalisubiri nimekaa chini.