Kisima cha Mchangani

Mdogo wangu ana miguu inayojua maji, na mimi sijawahi kumsamehe kwa hilo.

Mto wetu unashuka kutoka vilimani kwenda kuungana na Mto Simiyu, ila nusu ya mwaka ni mchanga mtupu. Maji yako chini. Kila kiangazi tunachimba kisima upya, maana mafuriko ya masika yameshakifukia cha mwaka jana. Nyumbani kwetu kuchagua mahali ilikuwa kazi ya mdogo wangu. Alivua ndala, akatembea mchangani taratibu, akasimama na kuchomeka kijiti. Tukichimba hapo, kimo cha goti tu, maji matamu yanachuruzika. Mahali nilipochagua mimi tulichimba mpaka kifuani tukapata chumvi.

Na kwetu aliyeona kisima ndiye anayekunywa kata ya kwanza, hata mama anasubiri. Kila mwaka nilisimama pembeni na ndoo yangu, mimi mzaliwa wa kwanza, nikimtazama akipokea kata kwa mikono miwili. Nilitabasamu. Moyoni niliomba ateleze atumbukie.

Mwaka mmoja lambo la kijiji lilikauka mapema, likabaki tope la kwato, na kila nyumba ikahamia mtoni. Jioni moja tulikuwa tunachambua pamba, mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, nimepaona! Pale mto unapokata kona. Nimeweka kijiti, kesho twende wote." Hakuwa mtu wa kuficha kitu, na hata hilo lilikuwa linaniudhi.

Alfajiri niliamka kabla yake. Nikang'oa kijiti, nikakitupa kichakani, nikachimba peke yangu. Maji yalikuja upesi hata nikaogopa. Nikarudi nyumbani mbio, nikipiga vigelegele. Mama alikuja na kata yake, akayatazama maji, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga.

"Mayu wangu," alisema, akiniita kwa heshima ya mama, "kumbe na wewe umejaliwa!"

Nikanywa kata ya kwanza. Mdogo wangu alipofika aliona shimo, akatafuta kijiti chake kwa macho, kisha akanitazama. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali. Alipiga vigelegele na yeye, akaenda kukata miiba ya kuzungushia kisima ili ng'ombe wasikikanyage.

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zangu zimekuwa miaka. Kiangazi kilichofuata mama alinitanguliza mimi mtoni, nikachimbisha watu mashimo manne ya chumvi. Mdogo wangu akawaambia mchanga umehama, si kosa la dada. Ningependa zaidi anizabe kofi.

Sasa naishi mjini, Somanda, nafungua bomba tu. Mwezi uliopita mama alikuja kwangu ili awe karibu na hospitali, na maji ya bomba yakamshinda. Alitaka ya mchangani. Mdogo wangu alifika kwa bodaboda kutoka kijijini, vumbi mpaka kwenye kope, amepakata dumu.

"Ni ya pale kwenye kona, mayu," alimwambia mama. "Kila mwaka nachimba pale pale alipopaona dada."

Mama alijiinua kitandani. Nikamimina kikombe, nikampa. Hakunywa. Alinirudishia kwa mikono miwili, mikono imekonda.

"Tangulia wewe, mwenye kisima."

Nilifungua mdomo niseme. Nasema kweli, nilitaka kusema. Lakini mama alikuwa ananitazama kama asubuhi ile, na sikuwa tayari kumpa mtu mwingine macho yale. Nikanywa.

Kisha nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa anatabasamu. Nilikagua uso wake nikitafuta tabasamu langu la zamani, lile la kusimama pembeni na ndoo. Halikuwepo. Alikuwa amefurahi tu.

Hata hilo nikamwonea wivu.