Kibali cha Matarumbeta ya Pasaka

Mzee Filemoni Luvanda wa Mafinga alitaka jambo moja tu mwaka ule, na halikuwa kubwa: matarumbeta ya Pasaka yapite mbele ya dirisha la mkewe. Basi. Hakutaka shamba, hakutaka bati jipya. Esta alikuwa kitandani tangu mvua zianze, moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari alishasema asipandishwe hata ngazi za kanisa. Esta si mtu wa kuomba vitu. Ukimwuliza anataka nini kutoka sokoni atakujibu ulete chochote. Lakini hicho alikiomba.

"Baba Ombeni," alimwambia, "mwaka huu kanisani siendi. Ila nikiyasikia yanapanda kutoka kule chini, nitahesabu kwamba nimesali."

Sasa mwambie mwanaume mwenye akili zake timamu kwamba hilo nalo lina masharti.

Kwa asiyejua mambo ya usharika ule, nieleze kidogo. Alfajiri ya Pasaka hawasubiri kengele. Watu wa matarumbeta hukusanyika kanisani kungali giza, kila mmoja na koti lake zito, maana baridi ya Mafinga mwezi wa nne haina mchezo, ukungu umelala hadi kwenye vizingiti vya milango. Wanapuliza viganja kwanza ndipo wapulize vyombo. Kisha wanashuka mitaani na nyimbo za ufufuko, watu wanatoka majumbani na kuungana nao, zamani kwa taa za chemli, siku hizi kwa tochi za simu, mpaka jua likichomoza mji mzima unatembea.

Filemoni alikuwa mpiga besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote ambalo mtu halishiki, analikumbatia. Alilianza ujanani, alipokuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao, nywele zimejaa unga wa msonobari hata siku ya ibada. Esta alikuwa na utani wake mbele ya wageni: "Huyu besi amelikumbatia kuliko alivyonikumbatia mimi." Wageni wanacheka, na mzee mzima anainamisha kichwa kama kijana wa kipaimara.

Na ni kweli besi ndilo lililomwoza. Esta alikuwa msichana mgeni kwa shangazi yake, hajui desturi za pale, akashtuka usingizini Pasaka moja akidhani nyumba inaanguka. Akafungua dirisha, khanga mabegani, uso umejaa hasira. Filemoni akamwona. Akakosea wimbo palepale, mbele ya watu, na wenzake walimsema mpaka Pentekoste. Jamani, siku zile zilikuwa tamu. Kwa shangazi wa Esta ndiko walikokuja kurithi nyumba, kwa hiyo dirisha ni lilelile, na kila Pasaka bendi ikifika pale Esta anafungua, anajifanya amekasirika.

Enzi hizo ruhusa ilikuwa jambo la kusemeshana. Filemoni akitoka kazini anapita kituo cha polisi, anamkuta mkuu wa kituo ameketi nje anachonga mpini wa jembe.

"Kamwene, afande. Pasaka tunapita."

"Kamwene. Piteni. Mkifika kwangu pigeni kwa adabu, kuna mtoto mchanga."

Kibali kimetoka. Na siku yenyewe mkuu wa kituo anawapokea mlangoni kwake, mtoto mkononi, anaimba kuliko hata kwaya.

Baadaye ikaja barua. Barua ya usharika yenye mhuri, ipite kwa mwenyekiti wa mtaa, ipite kwa mtendaji wa kata, ifike polisi si chini ya saa arobaini na nane kabla, ieleze watu wangapi, njia gani, wanaanza lini, wanamaliza lini, na nani atapigiwa simu mambo yakiharibika. Kila mtu anaiita kibali, ingawa mwenyekiti wa mtaa, mpenda sheria yule, atakukatiza kwamba kwa maandishi hiyo ni taarifa. Filemoni hakulalamika hata siku moja. Alikuwa anaipeleka mwenyewe kila mwaka, amevaa koti la ibada, na kuna fahari fulani aliyoisikia akiiweka mezani.

Mwaka ule mezani alimkuta afande mpya. Jina lake Prisca, binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, mrefu, mpole wa sauti, na kalamu yake haina haraka. Aliisoma barua mara ya kwanza, akairudia.

"Shikamoo tena, mzee wangu. Hapa mmeandika mtapita Kwa Mgiriki. Huyu Mgiriki anakaa wapi?"

"Marahaba. Hakai. Alirudi kwao zamani, mimi bado kijana."

"Haya. Halafu mnapinda kwenye Msonobari."

"Ulikatwa, mwanangu."

"Lo! Bomba Bovu?"

"Lilitengenezwa, likaharibika, wakaling'oa."

Afande Prisca aliweka kalamu chini. "Na hapa Ulanzini?"

"Pale palikuwa kilabu cha ulanzi," Filemoni alisema, na akaona haya kidogo kutaja pombe, barua ina mhuri wa kanisa. "Siku hizi ni duka la vifaa vya ujenzi."

Afande alicheka, akaficha mdomo kwa faili. Hakucheka kwa dharau. Lakini alipomaliza kucheka alimrudishia barua. "Mzee wangu, mimi nikipanga askari wangu, nitawaambia wakasimame kwenye mti uliokatwa? Mitaa imewekewa vibao. Niandikie majina yaliyo kwenye vibao, nitakupokea leoleo."

Mnaona mambo? Na ukweli ni kwamba hakuna mtu wa usharika aliyewahi kufikiri kuandika vingine. Wazee wale wanaijua njia kwa vitu visivyopo tena. Ukimwambia mmoja wao "Barabara ya Ushirikiano" atakuuliza ni wilaya gani.

Basi Filemoni akaenda kusoma vibao vya mji wake kama mgeni. Alishuka kutoka kanisani, karatasi mkononi. Kibao cha kwanza kilisema Mtaa wa Amani, na pale ndipo duka la Mgiriki lilipokuwa, ambapo alinunua kiatu chake cha kwanza cha ngozi kikambana, akakivaa hivyo hivyo. Kwenye Msonobari kibao kilisema Njia ya Mkaratusi, na hakuna mkaratusi wala msonobari, kuna vijana wa bodaboda wamejipanga. Hapo bendi ilikuwa ikisimama kupumzisha midomo, na aliwakumbuka wenzake mmoja mmoja, wapigaji waliolala makaburini sasa, yule mwenye trombone aliyekuwa akiangua vicheko katikati ya wimbo. Alisimama akaandika. Vijana wa bodaboda wakamwuliza kama anatoka halmashauri.

"Natoka Pasaka," aliwajibu, akaenda zake.

Karatasi ilipojaa, aliirudisha kituoni jioni ileile, safi, kila kona na jina lake. Afande Prisca aliifuata kwa kidole kwenye ramani ya ukutani. Mtaa wa Amani. Njia ya Mkaratusi. Kidole kikaendelea, kikafika mahali, kikagoma.

"Mzee. Hapa mnavuka barabara kuu."

"Ndiyo, kwenda Bomba Bovu. Tumevuka siku zote."

"Gizani? Na ukungu? Na watu wote hawa?"

Hapo ndipo Filemoni alipoelewa. Barua za miaka yote zilipita kwa sababu aliyezisoma alikuwa mtu wa pale, au hakujua Bomba Bovu liko upande gani. Sasa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ameandika kwa usahihi, na usahihi wake umemfungia njia. Maana nyumba ya Esta iko ng'ambo.

Alijieleza. Alimwambia habari za mkewe, habari za dirisha, aliyasema yote, mtu ambaye kwa kawaida maneno yake huyatoa kama anayekopesha. Afande Prisca alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," alisema, na safari hii hakusema mzee wangu, "mimi nimekulia Igawa, kando ya barabara hiihii. Malori ya Zambia na malori ya mbao nayajua. Ilikuwa msafara wa harusi, alfajiri kama hiyo, ngoma zinapigwa, hakuna aliyesikia gari. Nilikuwa nasoma na watoto waliogongwa. Hata unipigie magoti, sitasaini watu wavuke."

Kibali kikatoka: kuanzia kanisani mpaka ukingo wa barabara kuu, na hapo watu watawanyike kwa utulivu.

Filemoni alitoka pale amekasirika. Alimkasirikia afande, lakini hakumwona na kosa. Akavikasirikia vibao. Mwisho akaikasirikia barabara, ambayo haisikii. Ombeni, mwanawe aliyeko Mbeya, alipiga simu akaleta wazo lake: "Baba, si Adrian wa bendi yenu arekodi, amrushie Mama kwenye WhatsApp?"

"Mrushie mama yako mpira," mzee alijibu, akakata simu. Baadaye akajuta, mtoto alisema kwa nia njema.

Kumwambia Esta kulimshinda mpaka Jumamosi. Alimwambia akiwa amempa mgongo, anapanga kuni ambazo zilikwisha kupangwa.

"Si kitu," Esta alisema. Akageukia ukutani. Filemoni alimjua mke wake. "Si kitu" ya namna ile ilimwuma kuliko angepigiwa kelele.

Alfajiri walishuka. Ukungu ulikuwa mzito hata mpiga ngoma hakuuona mgongo wa mbele yake. Adrian, fundi wa kuchomelea na kiongozi wa bendi, alianzisha, wakapita Kwa Mgiriki, wakapita Msonobari, watu wakitoka majumbani na mablanketi mabegani, na Filemoni alipiga kama mtu anayefanya kazi ya kulipwa. Vidole vilikwenda, moyo ulibaki. Walipofika ukingoni, afande Prisca alikuwa amesimama pale ndani ya koti refu, tochi mkononi. Lori la mbao likapita likatikisa ardhi na wimbo ukamezwa wote. Hakuna aliyebisha tena.

"Hapa ndiyo mwisho," afande alisema. "Heri ya Pasaka kwenu wote. Tawanyikeni polepole."

Watu walianza kupeana mikono. Filemoni hakusogea.

"Afande. Mtu mmoja ni maandamano?"

Prisca alimtazama, akalitazama besi, akaitazama barabara. "Mtu mmoja ni mtu anayekwenda kwake."

"Na akiwa na chombo chake?"

"Ni chombo chake."

"Na akikipuliza?"

"Mzee, unanitafutia kufukuzwa kazi." Lakini alikuwa amekwisha kushuka lamini na kuinua tochi.

Adrian naye akajitokeza haraka na tarumbeta lake. "Basi na mimi nakwenda kwangu."

"Wewe Adrian kwako ni huku, geti la kituo ulilichomelea wewe, nyumba yako naijua. Mkivuka wawili mnapiga, hayo ni maandamano. Rudi!"

Watu wakacheka. Mzee akavuka peke yake, lori moja likimsubiri na taa zake za njano ndani ya ukungu, injini ikinguruma.

Ng'ambo alianza kupiga. Ehe, umewahi kusikia besi peke yake? Halina wimbo. Wimbo wanao wengine, besi kazi yake ni kukaa chini na kubeba. Bum. Bum-bum. Kimya kirefu. Bum. Mbwa wakaamka. Verediana, jirani, alitoa kichwa mlangoni: "Mzee Luvanda, kulikoni? Wenzako wako wapi?" Mzee alipanda na mtaa akipiga, na kadiri alivyopanda ndivyo aibu ilivyompanda. Mgonjwa ameomba wimbo wa Pasaka, yeye anampelekea mngurumo, kama mtu anayesukuma kabati. Hata Verediana aliyekulia kanisani hakutambua kinachopigwa.

Alifika dirishani. Lilikuwa limefungwa. Alipiga mpaka pumzi ikamwisha, akasimama hapo anahema, kifua kinawaka, akasema moyoni kwamba bora angeingia ndani tu amchemshie mkewe chai.

Ndipo akasikia sauti. Nyembamba, imekwaruza, inakatika kila baada ya maneno machache, lakini imeshika wimbo wenyewe, ule wa juu, barabara kabisa, hakuna noti iliyopotea. Esta alikuwa anaimba. Alikuwa akiimba tangu besi liko bondeni, na kelele za besi lenyewe ndizo zilizomziba. Aliimba mpaka mahali ambapo besi huingia, akasubiri. Hakikuingia kitu.

"Mbona umenyamaza?" alisema kutoka kitandani. "Si zamu yako?"

"Nilidhani huutambui. Liko peke yake."

"Peke yake! Maisha yangu yote unafanyia mazoezi hapo uani, mimi nachambua maharage. Wewe unadhani nilikuwa nasikia nini, Baba Ombeni? Hizo sauti nyingine nilikuwa nazitia mwenyewe."

Filemoni alilia pale nje, wazi kabisa, Verediana anamwona. Besi halipigiki mtu akilia, midomo inakataa.

"Haya, ubeti wa pili," Esta alisema. "Taratibu. Usinikimbize."

Akavuta pumzi, akalikumbatia besi, akaingia.